Usitishwe na hesabu ya hatua kwenye simu

HUENDA nawe u miongoni mwa wale ambao kila jioni hutazama simu kujua wametembea hatua ngapi, na wasipofikisha 10,000 hulala wakinung'unika. Kwa maoni yangu, tarakimu hiyo inawasumbua watu bure.

Kwanza ufahamu ni nani anayehesabu. Ndani ya simu mna kifaa kiitwacho akselerometa, yaani kipima mchapuko, ambacho ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Humo mna kipande cha silikoni kilichoshikiliwa na springi nyembamba mno. Simu ikisukumwa, kipande hicho hubaki nyuma kidogo, kama vile wewe unavyotupwa nyuma matatu inapong'oka ghafla kituoni. Pengo kati yake na vipande vya pembeni hubadilika, umeme uliohifadhiwa hapo nao hubadilika, na badiliko hilo ndilo hupimwa. Vifaa vya aina hii ndivyo pia huwezesha mfuko wa hewa kufumuka gari linapogonga.

Sasa tazama: kifaa hiki hakioni mguu. Huhisi mtikiso tu, kisha programu hukisia kwamba mtikiso wa mpigo fulani ni hatua. Ukiacha simu mezani ofisini, basi hukutembea! Ukipanda ngazi hadi orofa ya tano na mtungi wa maji wa lita 20, hatua yako huhesabiwa sawa na ya mtu anayezurura madukani mikono mitupu. Naye mzee anayejikokota kwa mkongojo, mtikiso wake ni hafifu, hivyo aghalabu kifaa humpunja. Na huyo ndiye anayehitaji kutiwa moyo kuliko sisi sote.

Je, hizo 10,000 zilitoka wapi? Mnamo 1965 kampuni ya Yamasa ya Japani ilianza kuuza kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa, wala si agizo la daktari.

Mwaka wa 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanawake 16,741 wenye umri wa wastani wa miaka 72, waliovaa akselerometa kiunoni kwa siku saba. Waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walifariki kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na kupita 7,500 nafuu haikuongezeka tena. Kwa hivyo nyanya aliyefikisha 5,000 hana sababu ya kujilaumu.

Mimi ningependelea saa ya ukutani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na kutembea kwa haraka kumo.

Ukitaka kujua simu yako inakupunja kiasi gani, itie mfukoni, uhesabu hatua 100 kwa kinywa chako, kisha ulinganishe. Rudia ikiwa ndani ya mkoba.