Feza Yetu Inakwenda Kufanya Nini? Neno la Wachimbaji juu ya Bia, Simu na Haki ya Kila Mtumikaji



Feza inapita mu mikono ya mtumikaji mara mbili. Mara ya kwanza anaitafuta kwa jasho, mara ya pili anaitoa. Juu ya mara ya kwanza tunasema kila siku: mushahara, kontra, premi, masaa ya ziada. Juu ya mara ya pili hatusemake kitu. Franka ikishatoka mu mfuko, tunaona kama habari yake imekwisha. Sisi watu wa sendika ya mine tunakataa. Kule inakokwenda inaendelea kutumika, na mara ingine inatumika juu ya kutupiga sisi wenyewe.

Tunaleta neno hili juu ya mabishano ambayo yameingia mpaka mu makambi yetu. Watu wanasikia kama kule ngambo kuna wanunuzi wanaokataa kununua vitu vya kampuni fulani, sababu inatesa wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake. Hapa kwetu jibu linatoka mbio: «Ile ni mambo ya Wazungu, sisi iko na shida zetu.» Kumbe ukifungua historia ya sendika, utaona kama jambo lile lilizaliwa pamoja na ba-shofere na wachimbaji. Tuanzie kwa bia, juu bia kila mtu anaielewa.

Mu Marekani, mu mji wa Golden, Colorado, kuna kiwanda cha bia kinachoitwa Coors. Ilianza 1873, na ilikuwa mali ya jamaa moja. Mu miaka ya 1970, mtu aliyetafuta kazi pale alikalishwa mbele ya mashini ya kupima uongo. Alifungwa nyuzi na kuulizwa maswali. Watumikaji walishuhudia kama maswali yale hayakuishia kwa wizi tu. Yaliingia mu maisha ya siri ya mtu, mpaka kumuuliza kama analala na watu wa jinsia yake.

Wakati ule ule, mu San Francisco, ba-shofere wanaopeleka bia walikuwa mu mgomo. Walikuwa wa sendika ya Teamsters, na mkubwa wao alikuwa Allan Baird, mwanaume mwenye muke, aliyekaa mu kartiye ya Castro. Castro njo ilikuwa kartiye ya wapenzi wa jinsia moja, na kulikuwa bar nyingi. Baird alifikiri vile delege mzuri anafikiri: ni nani anauza bia yenye tunagomea? Akaenda kuwaona. Akasema na Howard Wallace, shofere wa kamyo aliyejulikana waziwazi kama anapenda wanaume. Akasema na Harvey Milk, aliyekuwa na duka la mashini za picha mu njia ya Castro.

Milk hakukubali bure. Aliomba kitu kimoja: sisi tutatosha Coors mu bar zetu, na nyinyi mtafungua mlango wa kazi ya ushofere kwa watu wetu. Baird alikubali. Bar moja baada ya ingine ikaacha kuuza Coors. Watu ambao mbele hawakusalimiana wakaanza kulindana. Mu 1977 Milk alichaguliwa mu baraza la mji, na ba-shofere wale walikuwa upande wake. Aliuawa tarehe 27 Novemba 1978, lakini mapatano yale hayakufa naye.

Tuseme pia upande ule haukuenda vizuri, juu sendika haijengwe na hadisi tamu. Mu Aprili 1977 watumikaji wa kiwanda kile wenyewe waliingia mu mgomo, na moja ya sababu ilikuwa mashini ile ya kupima uongo. Muungano mkubwa wa sendika za Marekani, AFL-CIO, ukaita watu wote wasinunue Coors. Mgomo ulishindwa. Mu 1978 waliobaki ndani walipiga kura, na sendika ikatoshwa mu kiwanda. Ila mwito wa kutonunua uliendelea mpaka 1987. Wapenzi wa jinsia moja wengi waliendelea hata baada ya pale, juu walijua feza ya chupa inafika wapi: Joseph Coors, mmoja wa jamaa ile, ni mmoja wa wale waliotoa feza ya kuanzisha Heritage Foundation mu 1973, shirika lililopigana na sendika na pia na haki zao. Mashini ya uongo iliondolewa. Mu 1995 Coors ilikubali kutunza wenzi wa watumikaji wa jinsia moja sawasawa na wa wengine.

Kwa habari hii tunatosha neno moja. Mashini ile ilikuwa moja tu, na kiti kilikuwa kimoja. Leo wanakalisha pale yule anayependa wanaume, kesho wanakalisha yule anayetaka sendika. Patron akishapata haki ya kuuliza swali la kwanza, la pili halina wa kulizuia.

Kuna wachimbaji walioelewa hilo mbele yetu. Mu Machi 1984 wachimbaji wa makaa wa Uingereza walianza mgomo uliodumu karibu mwaka muzima, juu serikali ya Margaret Thatcher ilitaka kufunga mine zao. Tribinali ikakamata feza za sendika yao. Jamaa zikabaki bila chakula. Mu London, kijana mmoja anaitwa Mark Ashton, pamoja na mwenzake Mike Jackson, wakaanza kukusanya feza na ndoo mu njia. Kikundi chao kiliitwa Lesbians and Gays Support the Miners. Feza ile waliipeleka mu bonde la Dulais, mu South Wales, kwa wachimbaji ambao wengi wao hawakukula siku moja meza moja na watu kama wale. Tarehe 10 Desemba 1984 walifanya konseri mu London juu ya kuwasaidia.

Mgomo ulishindwa mu Machi 1985. Lakini mu Juni mwaka ule, siku ya matembezi ya wapenzi wa jinsia moja mu London, wachimbaji walifika na bendera zao za sendika, wakatembea mbele. Na mu mkutano wa chama cha Labour mwaka ule ule, kura za sendika ya wachimbaji zilisaidia kupitisha azimio la haki za watu wale. Deni lilikuwa limelipwa. Ashton alikufa mu 1987, akiwa na miaka 26 tu.

Sasa turudi Katanga. Kama mtu anasema jambo la patron kuingia mu chumba cha kulala ni geni kwetu, aulize wazee. Union Minière ilipojenga makambi, iliangalia mpaka ndoa ya mtumikaji. Posho ilihesabiwa kwa muke na watoto, nyumba ilitoka kwa kampuni, na nani analala ndani ilikuwa neno la shefu wa kambi. Na mu Desemba 1941, watumikaji walipoomba mushahara mu Élisabethville, waliopewa jibu na risasi, Léonard Mpoyi akafa pale pamoja na wenzake wengi. Wababu wetu walijifunza kwa damu kama kampuni inayotawala nyumba yako inatawala pia mdomo wako.

Na leo? Tulipokea mtumikaji mmoja wa kampuni ndogo ya sous-traitance. Hakuiba, hakulewa, hakukosa kazi hata siku moja. Mtu alichukua simu yake, akaona picha, akaonyesha kapita. Kisha siku mbili badge yake haikufungua tena barriere. Kartasi ya kumtosha ilisema «mahitaji ya kampuni». Wenzake wa kikosi waliambiwa kwa mdomo sababu yenyewe.

Mu mkutano wetu ba-delege walibishana sana. Wengine walisema: kanisa linakataza, desturi inakataza, juu ya nini tutumie feza ya memba kumtetea mtu wa namna ile? Tunaheshimu imani yao, wengi kati yetu tunaimba mu kwaya moja. Lakini jibu letu ni hili. Cotisation inakatwa kwa mushahara wake sawasawa na wa kwako. Siku inakatwa, hakuna aliyemuuliza anapenda nani. Na sheria haikutenga. Article 62 ya Code du travail ya 2002 inaomba sababu ya kweli ya kumtosha mtu: uwezo wake ao mwenendo wake pale pa kazi, akifanya kazi yake, ao mahitaji ya kampuni. Chumba chake si pale pa kazi. Article 31 ya Constitution yetu inalinda maisha ya siri ya kila mtu na habari za simu yake. Inasema kila mtu.

Wengine watatuletea article 40, inayosema ndoa ni kati ya mwanaume na mwanamke. Ni kweli, imeandikwa. Lakini hakuna mtu aliyekuja kwa sendika kutuomba ndoa. Alikuja kuomba kazi yake. Na patron anayeandika «mahitaji ya kampuni» mahali pa sababu ya uongo, kesho ataandika maneno yale yale juu ya delege aliyesema sana, ao juu ya mama aliyepata mimba.

Inabaki neno la kununua. Hapa tunaomba wasikilizaji wa ngambo watege masikio pia, juu feza yao inafika kwetu. Cobalt nyingi ya dunia inatoka mu udongo huu, iko mu batri za simu na za motokari zao. Tunasikia wengine wakisema: tusinunue kitu cha Congo, ni kichafu. Wanasema vile na roho safi, lakini hawakutuuliza. Coors ilikuwa na mambo matatu ambayo hayako mu maneno yao. Waliogomea waliomba wenyewe. Walitaja kampuni moja, si inchi nzima. Na walisema ni nini kikifanyika watanunua tena. Mwito bila mambo yale matatu unapiga creuseur wa Kolwezi na mama anayeuza mikate mbele ya mine, na patron anapanda ndege anaenda pengine.

Angalia Uganda. Mu 2023 walitunga sheria kali sana juu ya wapenzi wa jinsia moja, mpaka azabu ya kifo kwa makosa fulani. Banki ya Dunia ikasimamisha mikopo mipya. Mbele, mu 2014, wakati wa sheria nyingine kama ile, watetezi wa Uganda wenyewe waliomba wafadhili wasikate misaada ya raia wote, juu walijua nani atapata lawama kama dawa inakosa. Anayetetewa apewe nafasi ya kusema namna anataka kutetewa. Sendika inajua hilo: mgomo hautangazwe na mtu aliye nje ya kiwanda.

Basi, kwa wanunuzi wa ngambo: msikimbie cobalt yetu. Ulizeni kampuni inayowauzia simu maswali ya delege. Mchimbaji wa sous-traitance iko na kontra ya kuandikwa? Sendika inaruhusiwa kuingia? Mtu anaweza kufukuzwa juu ya maisha yake ya nyumbani? Wakikosa jibu, tuulizeni sisi kama ni saa ya kuacha kununua. Siku ile ikifika, tutasema waziwazi.

Na kwa sisi wenyewe, ba-kamarade, tusijifanye kama hatuna mfuko. Kila mwaka tarehe 1 Mei sendika zinanunua: ba-tisheti, kofia, bia, chakula, sale, musiki. Hata comité moja ndogo inatoa feza. Tunaomba kila comité iulize mbele ya kulipa: huyu tunayempa feza anatendea watumikaji wake namna gani? Anayefukuza mtu juu ya picha mu simu, ao juu ya kartasi ya sendika, feza ya cotisation isimfikie. Bar ambayo wanapiga mtu juu ya vile anatembea, tusikunywe pale. Kununua pengine hakuombe ruhusa ya mtu.

Tunaomba pia kama wakati wa kuandika convention collective mupya, kuwekwe maneno machache: hakuna kumtosha mtumikaji juu ya maisha yake nje ya kazi. Hakuna haja ya kutaja mtu wa namna yoyote. Maneno yale yatamlinda anayependa wanaume, atamlindwa mjane anayesengenywa, atalindwa kijana anayesali mu kanisa ambalo kapita hapendi.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakusema tuchague vidole kwa kuangalia kucha. Yule mtumikaji wa badge iliyokataa, faili yake sasa iko kwa inspection du travail, na delege wetu anaifuata. Jina lake hatuandiki hapa, juu ni haki yake. Tunaandika tu kama yuko memba wetu, na cotisation yake imelipwa mpaka mwezi wa mwisho.