Kijana Haamui Peke Yake

Vijana wanapotia maisha yao hatarini, sisi watu wazima aghalabu husema kwamba hawajui watendalo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, twasema, kisha mawaidha yanaanza upya. Lakini je, yupo mwanafunzi wa miaka 16 asiyejua kwamba moto huunguza?

Ujuzi anao. Mwaka wa 2005, wanasaikolojia wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha utafiti uliotumia mchezo wa gari katika kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 waliocheza mbele ya wenzao walijitosa hatarini kuliko waliocheza peke yao. Kwa watu wazima, kuwapo kwa wenzao hakukuleta tofauti hiyo. Wataalamu hueleza kwamba hamu ya raha na sifa hupamba moto mapema katika ubalehe, ilhali sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia mtu kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20.

Lugha nayo ina ushahidi wake. Mwanafunzi akihojiwa baada ya ghasia, si ajabu aseme "tuliamua" badala ya "niliamua". Mwalimu hukiona kiambishi hicho kuwa hila ya kukwepa lawama. Yamkini ni hila. Lakini yamkini pia ni maelezo sahihi ya jinsi uamuzi ulivyofikiwa.

Gharama yake twaijua. Machi 2001, wavulana 67 waliangamia katika moto uliowashwa makusudi bwenini mwa Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Tangu wakati huo mabweni mengi yameteketea nchini, ingawa mawaidha hayajakoma.

Haya hayamwondolei kijana lawama. Yanatuonyesha tu mahali pa kuanzia. Walimu wenzangu, tusingoje usiku. Malalamiko na yasikizwe mchana, mwanafunzi mmoja mmoja, faraghani, ambapo hana wa kumshangilia wala wa kumcheka. Milango ya mabweni nayo isifungwe kwa nje, kwani hasira ya wachache isiwe kaburi la wengi.

Nawe mwanafunzi, utakaposikia wenzako wakisema "tumeamua", jiulize: mimi niliamua lini?