Penseli Mahakamani: Jibu kwa Wanaoidharau

Kesi kubwa ya mauaji inapozungumzwa barazani hapa Buxton, Mombasa, watu huishia kubishania picha. Mchoro wa mahakamani ukitokea kwenye simu ya mtu, hukumu hutoka papo hapo: ni katuni, ni wa kubuni, kamera imeshaumaliza, tena ni mambo ya Wazungu. Nayapinga yote hayo, ingawa si yote yanayostahili jibu refu.

Eti mchoraji hubuni. Mchoraji wa mahakamani hukaa chumba kimoja na jaji, mawakili, mshtakiwa na jamaa za waliouawa. Akikosea, wa kumsuta wapo siku hiyo hiyo. Juni 2008, huko Guantánamo, Janet Hamlin alimchora Khalid Sheikh Mohammed, mshtakiwa wa mauaji ya Septemba 11. Mshtakiwa alipoonyeshwa mchoro akaikataa pua, na Hamlin akairekebisha. Kazi inayoweza kupingwa hivyo na mtu aliye kizimbani haiwezi kuitwa ndoto ya msanii. Zipo sura zinazoharibika, nakubali, kwa kuwa mchoraji ana dakika chache na mshtakiwa hatulii. Lakini hilo ni kosa la mkono, wala si uongo.

Eti kamera imemaliza kazi hiyo. Hapa Kenya tumezoea kufuata kesi za uchaguzi wa rais moja kwa moja kwenye televisheni tangu 2013, tukadhani dunia nzima iko hivyo. Mahakama za shirikisho za Marekani zimepiga marufuku kamera katika kesi za jinai tangu 1946. Sheria ya Uingereza ya 1925 ilikataza kamera na hata penseli: mchoraji hukaa akatazama, akaikariri sura, kisha akatoka nje kuchora. Kamera iliporuhusiwa katika Mahakama za Crown, Julai 2022, iliruhusiwa kumwonyesha jaji peke yake anapotoa adhabu. Mshtakiwa, mashahidi na waliofiwa hawaonekani.

Na hata penye kamera, picha hukamata nukta moja tu. Oktoba 5, 1970, Charles Manson, mshtakiwa wa mauaji huko Marekani, alimrukia jaji akiwa na penseli mkononi. Mchoraji Bill Robles alikuwepo, na katika mchoro wake Manson yuko hewani, maafisa wanamdaka, jaji yuko kitini mwake. Chumba kizima kimo ndani ya karatasi moja.

Sasa nifike kwenye dai linaloniudhi zaidi: kwamba haya hayatuhusu. Agosti 7, 1998, mabomu kwenye balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Kesi ya kwanza ya mauaji hayo ilisikilizwa New York mwaka 2001. Miongoni mwa washtakiwa wanne walikuwemo Mohamed Odeh, aliyewahi kuishi hapa Mombasa, na Khalfan Khamis Mohamed, mtu wa Zanzibar. Mwaka 2010 akapandishwa kizimbani Ahmed Khalfan Ghailani, naye Mzanzibari, mfungwa wa kwanza wa Guantánamo kushtakiwa katika mahakama ya kiraia. Jopo la wananchi likamwondolea mashtaka 284, yakiwemo yote ya mauaji, likamtia hatiani kwa moja la njama. Januari 2011 akahukumiwa kifungo cha maisha. Kamera haikuingia katika vyumba hivyo. Mjane wa Nairobi na jirani wa Unguja hawakuwa na njia nyingine ya kuona washtakiwa walivyokaa mbele ya jaji ila michoro ya chaki za rangi. Mtu wa pwani anasemaje kwamba haimhusu?

Tena tunayo ya kwetu. Mwaka 1980, hapa Mombasa, baharia wa jeshi la majini la Marekani, Frank Sundstrom, alimuua Monica Njeri, mama wa watoto wawili. Jaji Harris alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, kisha akamwachilia kwa bondi ya shilingi 500, awe na mwenendo mwema kwa miaka miwili. Nchi ilichemka. Leo kiasi hicho cha fedha ndicho watu wanachokumbuka, na ni haki wakikumbuke. Lakini hasira ile ilitokana pia na mpangilio wa chumba: jaji mzungu, mwendesha mashtaka mzungu, mshtakiwa mzungu, na aliyekufa ni mwanamke Mkenya ambaye hakuwa na kiti pale. Rekodi ya maandishi haionyeshi hilo, kwa sababu karani haandiki rangi ya mtu wala mahali alipokaa. Mchoraji angelionyesha bila kuandika neno, na kijana aliyezaliwa baada ya hapo angeuona mchoro akaelewa kwa nini wazee wake bado wanalitaja jina la Monica Njeri kwa uchungu.

Lipo dai la mwisho, kwamba mchoro humtukuza muuaji. Hilo hutegemea anayechora. Februari 2024, mhubiri Paul Mackenzie na wenzake waliposhtakiwa Malindi kwa mauaji ya watoto 191 wa msitu wa Shakahola, wakakana, lenzi zilimfuata yeye. Anayechora kwa mkono anaweza kuamua kuigeukia benchi ya waliofiwa, akampa mama aliyekaa pale nafasi ile ile anayopewa mshtakiwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mahakama za Mombasa ziweke kiti kimoja cha mchoraji katika kila kesi ya mauaji, na masharti yanayoeleweka: sura za watoto na za mashahidi wanaolindwa zisichorwe. Na Makavazi ya Kitaifa, yanayolitunza jengo la mahakama ya zamani la 1902 karibu na Fort Jesus, yaipe michoro hiyo ukuta. Vijana wanaopaka matatu rangi katika mji huu wana mikono ya kutosha kwa kazi hii. Waitwe.