"Mtandao Uko Polepole": Malalamiko Yasiyotosha

Katika afisi nyingi za humu nchini, malalamiko kuhusu mtandao huwa na sentensi moja tu: mtandao uko polepole. Karani wa tawi huitamka anaposubiri hati kutoka makao makuu. Mkutubi huitamka orodha ya vitabu inapokataa kufunguka. Fundi huipokea na kuipeleka kwa mkuu wake vivyo hivyo, bila ya kuongeza wala kupunguza. Hatimaye sentensi hiyo humfikia anayeshika mfuko, naye hutoa jibu la pekee analolijua: kasi zaidi inunuliwe. Mwezi unaofuata gharama imepanda, ilhali hati bado haifunguki. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo ni ya kiisimu. Neno kasi limebebeshwa maana tatu zisizofanana, na wasomi wa Kiswahili, ambao kazi yao ni kuzipambanua maana, wamelinyamazia.

Hebu ichukuliwe mathalani taasisi yenye makao makuu Nairobi na tawi Mombasa. Taasisi hiyo haina waya wake yenyewe baina ya miji hiyo miwili, kwa hivyo huunganisha afisi zake kwa mpango uitwao VPN. Mtambo mmoja huwekwa Nairobi na mwingine Mombasa. Data inayotoka upande mmoja husimbwa ili isisomeke, hutiwa ndani ya bahasha nyingine, hupitishwa katika intaneti ya umma, kisha hufunguliwa upande wa pili. Njia hiyo yafaa kuitwa handaki, kwa kuwa yapitayo ndani hayaonekani na walio nje. Mtumiaji huona kana kwamba afisi zote mbili zimo katika jengo moja. Almuradi handaki lifanye kazi, hapana anayelikumbuka. Linapozorota, kila mtu huirudia ile sentensi moja.

Nahodha wa jahazi hangeridhika na taarifa kama hiyo. Akiambiwa chombo kinakwenda polepole, angetaka kujua iwapo mlango wa bandari umejaa vyombo, au safari yenyewe ni ndefu, au chombo kimepwelewa kwa sababu maji ni haba kuliko shehena. Lugha ya bahari ina neno kwa kila hali, na kila neno lina dawa yake. Hali hizo tatu ndizo hasa zinazolikumba handaki la data, nazo zaweza kuitwa upana, muda na kina.

Upana ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwa wakati mmoja. Mtoaji huduma anaposema anauza kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, kwa hakika anauza upana. Upana ukipungukiwa, dalili yake ni foleni: kazi huzorota saa za afisi na kuwa nyepesi usiku, watu wanapokwenda zao. Hapo, na hapo pekee, kununua zaidi ni tiba.

Muda ni wa ujumbe kwenda na jibu kurudi. Historia ya Kenya ina somo katika jambo hili. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya nchi na ng'ambo yalitegemea setilaiti zilizo yapata kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kulichukua zaidi ya nusu sekunde, na hakuna fedha ambayo ingeweza kuisogeza setilaiti karibu. Ajabu zaidi, hata ujumbe baina ya wateja wa watoaji huduma wawili wa Nairobi ulizungukia ng'ambo, mpaka kituo cha mabadilishano cha KIXP kilipoanzishwa. Kituo hicho kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa kwa mzozo wa leseni, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Funzo ni kwamba umbali wa data si umbali wa barabara.

Athari ya muda ni hesabu ya wazi. Itifaki ya TCP, ambayo hubeba sehemu kubwa ya mawasiliano, hutuma kiasi fulani cha data kisha hungoja kuthibitishiwa kwamba kimefika. Katika mpango wake wa asili kiasi hicho hakikuzidi baiti 65,535. Ikiwa kwenda na kurudi ni sekunde 0.6, hati moja haiwezi kupita kwa zaidi ya takriban megabiti 0.9 kwa sekunde, hata kama njia ina upana wa megabiti 10 au 100. Nyongeza ya kukipanua kiasi hicho ilichapishwa mwaka 1992, lakini sharti pande zote mbili zikubaliane kuitumia, na mtambo ulio katikati waweza kuifuta.

Kina ndicho kinachosahauliwa zaidi. Mtandao wa kawaida wa afisi huruhusu kifurushi cha data chenye baiti 1500. Bahasha ya handaki nayo hudai nafasi yake, aghalabu baina ya baiti 50 na 80. Kifurushi kilichojaa hakitoshi tena. Ama kigawanywe mara mbili, ama kikataliwe na mtumaji aarifiwe apunguze. Lakini walinzi wengi wa mitandao huzuia taarifa hizo kwa jina la usalama. Kifurushi kikubwa basi hupwelewa kimyakimya, ilhali vidogo vinapita. Ndiyo maana ukurasa wa kuingilia hufunguka mara moja, na hati iliyo ndani yake haifunguki kamwe. Tiba yake haihitaji hata senti moja ya upana: mitambo ya pande mbili huagizwa ipunguze shehena, mathalani hadi baiti 1360 za data kwa kila kifurushi cha TCP.

Kwa hivyo, kabla ya mfuko kufunguliwa, yafaa maswali machache yajibiwe. Je, njia ni nyepesi nje ya handaki na nzito ndani yake? Ikiwa ndivyo, huenda mtambo umelemewa na kazi ya kusimba, au kina hakitoshi. Je, uzito huja kwa saa maalum? Kwenda na kurudi huchukua muda gani? Je, kifurushi kikubwa kilichokatazwa kugawanywa hufika? Kisipofika, hupunguzwa kidogo kidogo mpaka kipite, na kina kikajulikana.

Wapo watakaosema kwamba mafundi husoma Kiingereza, na kwamba Kiswahili hakina kazi hapa. Dai hilo lasahau kwamba uchunguzi hauanzi kwa fundi. Huanza kwa karani na mkutubi, kama vile uchunguzi wa maradhi uanzavyo kwa mgonjwa. Mgonjwa anayeweza kutofautisha kichomi na msokoto humrahisishia daktari kazi. Vile vile, karani anayeweza kuandika kwamba hati ndogo hupita na kubwa hukwama amekwisha kuonyesha nusu ya njia. Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya. Taarifa ya hitilafu katika afisi ya umma ina haki ya kuandikwa kwa lugha hiyo, na kueleweka.

Hapana shaka kazi imefanywa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za afisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, mjadala wa istilahi umeelemea mno majina ya vifaa. Wino mwingi umemwagwa kubishana kati ya tarakilishi na kompyuta, ilhali vitenzi vya kuharibika kwa vifaa hivyo havijashughulikiwa. Hata kifurushi chenyewe chahitaji kutazamwa upya, kwa kuwa mnunuzi wa data ya simu hulielewa neno hilo kwa maana nyingine kabisa. Penye miti hapana wajenzi.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya kuanza. Kila chuo kina afisi ya mitambo, na kila afisi ya aina hiyo ina fomu ya malalamiko. Fomu hiyo iandikwe upya kwa Kiswahili, mafundi na wanaisimu wakiwa meza moja, na pahali pa neno polepole paulizwe maswali matatu: ya upana, ya muda na ya kina.