Nani kasema nyota si zetu?

Jamani, kuna kauli imenichosha: "Sisi tuna njaa, hayo mambo ya anga waachie Wazungu." Juzi kaitoa rafiki yangu, tena mwenye digrii, nilipomwambia watoto wa Arash kule Ngorongoro wapewe darubini. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Haya bwana. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setelaiti ya kwanza maalumu kwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Kiswahili hicho! Mwaka 1974 Ariel 5 ya Waingereza ikarushiwa hapo hapo. Walitufuata kwa sababu ya ikweta, maana huko mzunguko wa dunia huisukuma roketi bure. Sisi tukabaki kuangalia moshi.

Moja ya vitu vilivyochunguzwa ni viini vya galaksi: shimo jeusi katikati, limezungukwa na gesi ya moto mkali inayosubiri kumezwa. Mwanga wake hautulii, unapanda na kushuka, na humo ndimo kilimo kipimo. Ukibadilika ndani ya siku moja, chanzo chake hakiwezi kuzidi sana umbali ambao mwanga husafiri kwa siku moja. Julai 2006 darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia (Afrika hiyo, rafiki yangu) ziliona PKS 2155-304 ikibadilika kwa dakika chache!

Utasema hizo ni darubini za mabilioni. Sawa, chukua kwaza 3C 273. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 2, na hupita karibu na utosi wa Arash, kwenye giza lisilo na taa za mji. Darubini ya inchi 8 inaiona. Mwaka 1963 kubadilika kwake kulithibitishwa kwa picha kuukuu za Harvard, nyingine za tangu karne ya 19. Subira na kumbukumbu, basi.

Najua, mtu wa Arash leo atauliza ardhi kwanza, tangu vile vigingi vya Loliondo vya Juni 2022. Ana haki, na darubini haitamrudishia malisho. Ila sioni kwa nini anayedai malisho anyimwe na anga. Huyo anayekesha na ng'ombe analijua giza kuliko sisi tunaobishania hapa Arusha chini ya taa za barabarani.

Rafiki yangu, nasubiri jibu. Chai nitalipa mimi.