Siku nikipewa kiti cha bosi wa soka

Mimi nipo huku kwetu Itaka, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, baridi inakata masikio. Wiki hii sina stori za mapenzi, dada zangu mnisamehe. Nina dukuduku la kabumbu, nisipolitoa hapa nitaugua bure.

Yalianzia kijiweni. Tulikuwa tunabishana Simba na Yanga mpaka mate yanaruka. Mzee mmoja anayeziba pancha za baiskeli jirani yetu akaacha kazi yake, akatuuliza taratibu: "Sasa nyie wajukuu zangu, timu ya kwenu ni ipi?"

Kijiwe kikanyamaza kama kimemwagiwa maji. Mimi ni Yanga wa kuzaliwa, lakini Jangwani nimepaona kwenye picha tu. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800! Na mwenzangu anayelia machozi kwa ajili ya Simba, ukimshusha Msimbazi saa hizi atapotea.

Jibu la kumpa mzee nilikuwa nalo zamani kidogo. Tarehe 29 Novemba 2022 tulijazana kwenye banda umiza, tumebanana kama dagaa. Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, ikaenda Ubaruku kule Mbarali kukutana na Ihefu, timu iliyokuwa inahangaika mkiani. Wote tukajua ni mteremko. Mpira ukaisha Ihefu 2, Yanga 1. Banda likalipuka! Nikiri leo, roho ya Uyanga iliniuma, lakini nilijikuta natabasamu mwenyewe kama chizi. Ubaruku ipo Mbeya, si Songwe, ila mpaka mwanzoni mwa 2016 tulikuwa mkoa mmoja. Yule wa kule analima mpunga, sisi kahawa, shida ni zilezile. Siku ile mtu wa Itaka angeweza kusema "timu ya kwetu" na asichekwe.

Hata miaka miwili haikuisha. Mwaka 2024 Ihefu ikahamishiwa Singida, kisha jina nalo likafutwa, ikawa Singida Black Stars. Na Singida Fountain Gate iliyokuwa kulekule nayo ikaliacha jina la Singida, tukaja kuiona Babati. Jamani! Timu zinahama kama wapangaji wanaokimbia kodi. Sina ugomvi na watu wa Singida, nao wana haki ya kuona mpira. Ila wale wa Ubaruku walioimba mpaka sauti zikakauka, wamebaki na nini cha kushangilia?

Ndiyo maana nikipewa kiti cha bosi hata kwa wiki moja tu, kitu cha kwanza ni hicho. Timu ikishapanda Ligi Kuu, nafasi ile iwe ya mji ulioipandisha. Tajiri akitaka timu yake mahali pengine, ruksa, lakini aanzie ligi ya mkoa, ale vumbi kama wenzake. Mkisema huku nyanda za juu hatuna mwamko, mtanikosea. Tukuyu Stars walibeba ubingwa wa nchi mwaka 1986, timu ya mji mdogo kabisa. Mbeya City walipopanda, msimu wa 2013/14, walimaliza wa tatu moja kwa moja, na jiji zima likavaa zambarau. Waliposhuka 2023 hakuna aliyewahamisha, wakavumilia, wakarudi 2025. Hivyo ndivyo nataka mimi.

Uingereza nako yaliwakuta. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon iliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, mbali na watu wake. Mashabiki walilia, kisha mwaka huohuo wakaunda AFC Wimbledon yao, wakaanza madaraja ya chini huko, na 2011 wakaingia ligi za juu za kulipwa. Sisi michango tunayoijua ni ya harusi tu.

La pili ni fupi. Mechi ikishatangazwa, ichezwe. Machi 8, 2025 dabi ya Kariakoo iliahirishwa siku yenyewe ya mechi, baada ya Simba kusema haichezi, ikidai ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mpambano. Ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 (hilo silalamikii!). Lakini mtu aliyeuza debe zake za mahindi akapanda basi kutoka huku, nauli yake nani alimrudishia? Mimi ningeamuru anayegoma apokwe pointi jioni ileile, na mwenye tiketi alipwe kabla kiongozi yeyote hajaongea na waandishi.

Sasa njoo kwenye linaloniuma zaidi. Nina mshikaji wangu, jina namfichia, nilimaliza naye kidato cha nne. Winga, mguu wa kushoto, mbio usipime. Alikwenda UMISSETA akachezea mkoa, tukamsindikiza kwa ngoma. Aliporudi, basi. Hakuna aliyeandika jina lake popote. Leo anaendesha bodaboda njia ya Mlowo, na mabeki aliokuwa anawalaza chini anawapakia kwa nauli. UMISSETA yenyewe iliwahi kupigwa marufuku kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 2000, eti michezo inaharibu masomo. Imerudi, ila mlango wa kutokea haujawekwa.

Hasheem Thabeet ni mtoto wa Dar. Alipelekwa Marekani kusoma, akacheza kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika vijana wote walioingia NBA mwaka ule. Wa pili! Kule chuo ndicho soko la wachezaji. Huku kwetu ukienda chuo watu wanasema umeacha mpira, na ukiendelea na mpira wanasema umeacha shule. Ningelazimisha kila klabu ya Ligi Kuu itume mtu UMISSETA na kwenye mechi za vyuo, ichukue vijana wawili kila mwaka na kuwalipia ada. Hela ya kumsajili mgeni mmoja wa benchi inasomesha wangapi, nyie pigeni hesabu.

Nilipomsomea mshikaji haya alicheka, akasema nimechelewa, goti limeanza kumsumbua. Hata hivyo Jumapili hii tunacheza na kijiji jirani na ameahidi kupaki pikipiki saa tisa. Mnaotafuta winga mnakaribishwa, kiingilio hakuna. Haya, tuonane wiki ijayo.