Bundi na Mwanga wa Msituni



Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Magharibi, bundi alitua juu ya mwarobaini ulio uani kwetu, Kisauni. Bibi wa nyumba ya pili akasema kuwa msiba umebisha hodi, na kabla hatujatoka nje watoto walikuwa wamekwisha kuokota mawe. Ndege aliruka akaenda zake, nasi tukabaki na haya. Mtume (S.A.W.) aliikanusha imani ya nuksi ya bundi, na hadithi hiyo, iliyopokewa na Bukhari, watoto wetu wameisoma chuoni. Elimu ilikuwa midomoni, mikononi haijafika.

Tukaazimia kuwaonyesha watoto kile wanachokiogopa. Jumamosi, baada ya Alfajiri, tulifuata barabara ya Malindi kiasi cha kilomita 100 hadi Gede, penye msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Bibi tulimsihi, akaja. Humo huishi kibundi wa Sokoke, ambaye wataalamu walimtambulisha kwa ulimwengu mwaka 1966. Kimo chake hakifiki shubiri, chakula chake ni wadudu, na nchini Kenya hapatikani nje ya misitu ya pwani hii yetu.

Mwenyeji aliyetuongoza alituonyesha wawili, dume na jike, wamelala bega kwa bega ndani ya kichaka. Hapo ndipo tulipojua ugumu wa kupiga picha msituni. Ndege yumo kivulini, na nyuma yake majani yanang'aa kwa jua. Kamera hudanganywa na mwangaza ule, na ndege hutoka mweusi kama kaa. Tuliufungua mdomo wa lenzi hadi mwisho, tukaongeza ISO hadi 3200, tukaiegemeza kamera kwenye shina la mti ili mkono usitikisike. Picha hutoka na chengachenga, lakini chenga ni afadhali kuliko ukungu. Kwa kuwa ndege alikuwa ametulia, tuliweza kukiacha kifuniko cha lenzi kifunguke taratibu, tukalenga jicho.

Bado picha hazikuridhisha. Kijana mmoja akaomba awashe taa ya kamera. Mwingine akataka kutikisa tawi ili kibundi afumbue macho. Tuliwakataza wote wawili. Jicho la ndege wa usiku limeumbiwa giza, na anayefukuzwa kitandani mwake mchana huwa shabaha ya ndege wakubwa. Tukawakumbusha ile hadithi ya Abu Dawud, ya ndege aliyechukuliwa makinda yake akawa anahangaika, na Mtume (S.A.W.) akaamuru arudishiwe wanawe. Ikiwa picha haipatikani ila kwa kumtaabisha kiumbe, basi na isipatikane.

Tukakaa kimya, nusu saa nzima. Kisha wingu likafunika jua. Majani ya nyuma yakafifia, kivuli na mwanga vikasawazika, na manyoya yenye rangi ya kutu yakaonekana moja moja. Tukapiga picha nne tu. Katika ya tatu, mmoja wao amefumbua jicho nusu, la manjano.

Bibi aliishika kamera muda mrefu. "Kumbe ni mdogo hivi," akasema, "na mwenzake yuko ubavuni."

Hatukuitundika picha ile ukutani. Tumeihifadhi katika simu, na watoto huwaonyesha wenzao. Enyi akina mama wa Likoni, Changamwe na Kisauni, si lazima mtu awe na kamera ya thamani wala asafiri mbali. Bundi wa mitaani kwetu hula panya wanaotutobolea magunia. Mwonyesheni mtoto ndege huyo kwa utulivu, pasi na tochi wala jiwe, naye ataacha kumwogopa.

Juzi bundi alirudi juu ya mwarobaini. Mtoto mmoja alimtazama Bibi usoni.

"Mwacheni," Bibi akajibu. "Anatafuta riziki yake."

Wabillahi tawfiq.